Bondo, 23 Agosti 2017: kijiji kilichopona na njia iliyopoteza watu wanane

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 23 Agosti 2017, mnamo saa tatu na nusu, ubavu wa kaskazini wa mlima Piz Cengalo, ulio kwenye mpaka wa Uswisi na Italia, ulimeguka. Mawe yapatayo mita za ujazo milioni 3 yaliporomoka kutoka kwenye mlima huo wenye urefu wa mita 3,369, yakaangukia barafuto ndogo (mto wa barafu) iliyokuwa chini ya jabali, kisha yakageuka tope zito lililofuata korongo la mto Bondasca kwa kilomita zipatazo sita na kufika kijiji cha Bondo. Kijijini nyumba na majengo mengine yaliharibiwa, barabara ikafukiwa, lakini hakuna aliyekufa. Juu zaidi, kwenye njia ya miguu inayoshuka kutoka kibanda cha wapanda mlima cha Sciora, wasafiri wanane walifunikwa na miili yao haikupatikana: Wajerumani wanne, Waaustria wawili na Waswisi wawili.

Maelezo mengi ya tukio hili huchagua upande mmoja. Yapo yanayolisifu kuwa mfano wa kijiji kilichojiandaa vyema, na yapo yanayolitaja kuwa mfano wa uzembe. Mimi naona pande zote mbili ni kisa kimoja, kwa kuwa maarifa yaliyowaokoa watu wa Bondo ni yaleyale yaliyokuwapo wakati wale wanane walipoanza kushuka asubuhi hiyo. Swali linalostahili kuchambuliwa ni kwa nini maarifa hayo yalifika kijijini kwa namna ya taa nyekundu na king'ora, na kwenye njia ya mlimani yakafika kwa namna ya ubao wenye maandishi. Ili kulijibu, ni lazima kwanza kulijua bonde lenyewe na watu wake.

Bonde la Bregaglia, ambalo wasemaji wa Kijerumani huliita Bergell, limo kusini mashariki mwa Uswisi, katika kantoni (mkoa wenye serikali yake) ya Graubünden, au Grigioni kwa Kiitaliano. Linaanzia kwenye upito wa Maloja, yaani njia ya kuvukia milima, wenye mwinuko wa mita 1,815, na kushuka kuelekea magharibi hadi Castasegna, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka, kisha linaendelea ndani ya Italia hadi mji wa Chiavenna. Mteremko wake ni mkali mno. Gari likiondoka Maloja, penye maziwa na misonobari ya nyanda za baridi, huteremka kwa kona za kuzunguka na katika muda wa nusu saa hivi limekwisha kufika Castasegna, mahali ambapo mikastania, miti yenye kokwa ziliwazo, hustawi. Katika shamba la mikastania la Brentan, hapo Castasegna, bado vipo vibanda vya mawe ambamo kastania hutandazwa juu ya dari ya fito, na chini yake moto wa kufuka moshi huwashwa kwa wiki kadhaa mfululizo, mpaka maganda yakauke na kuvunjika kwa urahisi. Unga wake hupikwa keki na mikate. Kwa vizazi vingi, kabla ya viazi kuenea, hicho kilikuwa ndicho chakula cha maskini.

Juu ya Maloja kuna upito mwingine, wa Lunghin, ambao wanajiografia huupenda kwa sababu mvua inyeshayo hapo hugawanyika kwenda katika bahari tatu: maji ya upande mmoja huingia mto Inn na hatimaye Danube hadi Bahari Nyeusi, ya upande wa pili huishia katika mto Rhine na Bahari ya Kaskazini, na ya upande wa tatu huteremka kwa mto Maira, hupitia Ziwa Como na mto Po, yakamwagika katika Bahari ya Adria. Bregaglia ni bonde la huo mto wa tatu. Maji yake huenda Italia na lugha yake ni Kiitaliano, lakini siasa zake tangu Enzi za Kati zimeelekea kaskazini, kwa kuwa bonde hili lilikuwa sehemu ya Muungano wa Nyumba ya Mungu, ulioanzishwa mwaka 1367, mmoja wa miungano mitatu iliyozaa kantoni ya leo.

Wakazi wa bonde, upande wa Uswisi, ni 1,500 hivi. Shuleni, kanisani na katika mikutano ya hadhara hutumia Kiitaliano, na nyumbani wenyeji wengi huzungumza kibargaiot, lahaja yenye sura ya Kilombardi, cha Italia ya kaskazini, na masikio ya Kiromanshi, lugha ya kale ya Graubünden. Tena ni Waprotestanti, jambo ambalo ni nadra kwa wasemaji wa Kiitaliano. Mageuzi ya dini yaliwafikia katika karne ya 16 kupitia wakimbizi kutoka Italia, na mmoja wao, Pier Paolo Vergerio, aliyekuwa askofu wa Capodistria kabla ya kuasi, alihubiri katika kijiji cha Vicosoprano, humu bondeni. Mchongaji Alberto Giacometti, ambaye sura yake ilichapwa kwenye noti ya faranga 100 ya Uswisi, alizaliwa Borgonovo, kijiji cha bonde hili, mwaka 1901. Jina la ukoo wake mtu hukutana nalo kila upande bondeni, na litarudi tena katika kisa hiki.

Katika kantoni nzima lugha rasmi ni tatu, yaani Kijerumani, Kiromanshi na Kiitaliano, lakini wasemaji wa Kiitaliano ni wachache, wametawanyika katika mabonde manne yasiyopakana yote, na makao makuu ya kantoni, Chur, hufanya kazi zake nyingi kwa Kijerumani. Mtu wa Bondo mwenye shughuli Chur hulazimika kupanda Maloja na kisha upito wa Julier, safari ya zaidi ya saa mbili, hali Chiavenna iko karibu kabisa, na kila asubuhi wafanyakazi wa Italia huvuka mpaka kupanda kuja kufanya kazi upande wa Uswisi. Nayasema haya kwa sababu huwa yanasahaulika pale watu wanaposoma habari za maafa ya milima ya Alps na kudhani kwamba kila kijiji cha Uswisi kina serikali yenye wataalamu mlangoni.

Serikali ya karibu kabisa ni manispaa, na hapa neno hilo lisimfanye msomaji afikirie mji. Hadi mwaka 2009 bonde hili lilikuwa na manispaa tano, nazo ni Bondo, Castasegna, Soglio, Stampa na Vicosoprano, kila moja ikiwa na bajeti yake, baraza lake na ugomvi wake wa kuni na malisho. Bondo peke yake ilikuwa na watu 200 hivi. Tarehe 1 Januari 2010 zote tano ziliungana kwa ridhaa ya wapigakura na kuwa manispaa moja ya Bregaglia, na Anna Giacometti akawa meya wake. Mtu akiniuliza ni uamuzi gani uliofanya tofauti kubwa zaidi siku ya maafa, huo wa kuungana ungekuwa miongoni mwa majibu yangu ya kwanza, ingawa haukufanywa kwa ajili ya maporomoko. Katika mfumo wa Uswisi, usalama wa eneo, ufungaji wa njia na uhamishaji wa watu ni wajibu wa manispaa, na kantoni hushauri na kuchangia fedha. Manispaa ya watu 200 ingelazimika kuamua kuhusu mlima mzima kwa baraza la wakulima na waashi wanaokutana jioni baada ya kazi. Manispaa ya bonde zima ilikuwa na ofisi, watumishi wa kudumu, na mapato ya maji, kwa kuwa bwawa la Albigna, lililojengwa katika miaka ya 1950 na shirika la umeme la jiji la Zürich, lina ukuta wa mita 115 juu ya bonde na hulipa ushuru wa kutumia maji ya wenyeji.

Miaka miwili tu baada ya kuungana, mlima ulitoa onyo la kwanza. Tarehe 27 Desemba 2011 mawe ya mita za ujazo milioni 1.5 hivi yalianguka kutoka Piz Cengalo. Ilikuwa majira ya baridi, hapakuwa na mtu bondeni Bondasca, na mawe yakasimama palepale juu. Ila katika kiangazi cha 2012 mvua zilipokuja, zilichota kifusi hicho kidogo kidogo na kukiteremsha kwa umbo la tope hadi karibu na Bondo. Wenyeji na wataalamu walijifunza kanuni iliyoonekana wazi: kwanza jiwe, baadaye tope, na kati yake kuna nafasi ya kujiandaa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na manispaa ilishtuka kwa namna yenye manufaa. Ilichimba bwawa la kuzuia matope kwenye mdomo wa korongo, lenye uwezo wa mita za ujazo 60,000 hivi, kwa gharama ya faranga milioni 4.5 hivi. Mlimani, rada ilianza kupima mwendo wa jabali. Na katika korongo ukawekwa mfumo wa tahadhari ambao inafaa kuuangalia kwa karibu, kwa kuwa ndani yake mna jibu la nusu ya swali letu. Waya umekazwa kuvuka korongo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, juu ya maji ya kawaida. Tope likija, linaukata. Waya ukikatika, mkondo wa umeme uliokuwa ukipita ndani yake unakatika pia, na kule chini, bila mtu yeyote kubonyeza kitufe wala kumpigia mwingine simu kuuliza afanye nini, taa za barabarani zinageuka nyekundu na tahadhari inatolewa. Mfumo huo hauhitaji kutabiri. Unachofanya ni kutoa taarifa kwamba jambo limekwisha tokea juu, na kuuza kwa watu wa chini zile dakika chache ambazo tope linahitaji kusafiri.

Mwaka 2015 Bregaglia ilipewa Tuzo ya Wakker, inayotolewa na jumuiya ya kuhifadhi urithi wa Uswisi kwa manispaa zinazotunza vyema majengo na mandhari yake. Nadhani ni haki kusema kwamba katika miaka hiyo bonde lilijiona liko salama, na lilikuwa na sababu.

Kilichotokea 2017 kiliivunja ile kanuni ya jiwe kwanza na tope baadaye. Siku hiyo mvua haikunyesha. Jabali liliiangukia barafuto kwa nguvu kiasi cha kuchukua mita za ujazo zipatazo 600,000 za barafu, likaisaga, na pamoja na maji yaliyokuwa yamelowa katika kifusi na udongo wa bonde, likazalisha tope papo hapo. Tope la kwanza lilitoka kwenye mkia wa poromoko lenyewe, bila kusubiri msimu. Wataalamu wa Uswisi waliolichunguza tukio baadaye walishughulika sana na jambo hili, kwa sababu hesabu zote za muda zilikuwa zimetegemea pengo kati ya hatua mbili, na pengo halikuwapo. Kuhusu kwa nini jabali lilimeguka, sababu zinazotajwa ni nyufa za kale katika graniti, shinikizo la maji ndani ya nyufa hizo, na kuyeyuka kwa barafu ya kudumu inayoshikilia miamba ya juu, huku barafuto iliyokuwa ikiegemea ubavu wa mlima ikipungua mwaka hadi mwaka. Ningemshauri msomaji asichague moja kati ya hizo na kuiacha nyingine. Joto la dunia lipo katika hesabu hiyo, lakini Cengalo ulikuwa na nyufa kabla ya viwanda.

Kijijini, waya ulikatika na mfumo ukafanya kazi yake. Watu waliondoka Bondo, na vitongoji vya jirani vikahamishwa pia. Bwawa lilijaa. Hapo ndipo ilipoanza kazi isiyopigwa picha sana, nayo ni ya madereva wa mitambo ya kuchimba walioingia ndani ya bwawa kulizoa tope usiku na mchana, chini ya mlima ambao ulikuwa bado ukidondosha mawe, kwa sababu bwawa lililojaa halina faida kuliko kutokuwa na bwawa. Tarehe 25 Agosti tope jingine likaja, na usiku wa kuamkia mwezi Septemba, safari hii kwa mvua, likaja lililo kubwa zaidi, likafurika na kuifukia barabara kuu ya bonde. Kwa jumla kifusi kilichofika eneo la kijiji kilikuwa mara nyingi zaidi ya uwezo wa bwawa. Majengo yapatayo 100 yaliharibiwa. Wakazi walianza kurejea Oktoba, kwa awamu, na wengine hawakuwa na nyumba ya kurejea.

Sasa turudi juu. Siku zilizotangulia tarehe 23, mlima ulikuwa umezidi kusogea na mawe madogo yalikuwa yakianguka, na wataalamu wa kantoni na manispaa walikuwa wakilijadili suala la poromoko kubwa. Haikuwa siri. Kwenye mwanzo wa njia palikuwa na mbao za kuwatahadharisha wapitaji kuhusu hatari ya mawe. Njia yenyewe haikufungwa. Asubuhi hiyo wasafiri waliolala katika kibanda cha Sciora walianza kuteremka kwa nyakati tofauti, na helikopta baadaye ziliwaondoa wengine waliokuwa wamebaki katika vibanda vya mlimani. Wale wanane walikuwa katikati ya bonde la Bondasca wakati jabali lilipotoka.

Tofauti kati ya sehemu hizi mbili, kwa maoni yangu, iko katika aina ya ulinzi kila moja iliyopewa. Waya wa korongo humfaa mtu aliye mbali na chanzo cha hatari, kwa kuwa humpa dakika. Mtu aliye chini ya ukuta wa jabali hapewi dakika, kwa hiyo kwake tahadhari ya papo hapo ni sawa na bure, na ulinzi pekee unaomfaa ni uamuzi uliofanywa siku au wiki kabla, wa kumwambia asipite kabisa. Uamuzi wa namna hiyo unategemea utabiri, na utabiri wa mlima huja kwa maneno kama huenda, pengine, katika wiki au miezi ijayo. Kufunga njia kwa maneno hayo kuna gharama kwa vibanda, kwa watalii, kwa wenyeji wenye nyumba za malisho bondeni, na tena katika utamaduni wa Alps mpanda mlima huchukuliwa kuwa ni mtu mzima anayebeba hatari yake mwenyewe mgongoni pamoja na mkoba. Ubao wa tahadhari ni mtoto wa utamaduni huo. Kwa hatari ya kawaida, kama mawe mawili matatu yanayodondoka mchana, ubao unatosha, maana msomaji wake anaweza kutazama juu, kuharakisha au kurudi. Kwa mita za ujazo milioni 3 hakuna analoweza kufanya kwa maarifa aliyopewa na ubao. Nadhani hapo ndipo kosa la kufikiri lilipokuwa, na linaeleweka: tukio la 2011 lilikuwa limewafundisha watu kuogopa tope kijijini kuliko jiwe bondeni.

Ndugu wa marehemu waliliona jambo hili mapema kuliko vyombo vya sheria. Mwaka 2019 ofisi ya mashtaka ya kantoni ilifunga uchunguzi wa jinai, ikiona kwamba hakuna aliyepaswa kulaumiwa. Ndugu walikata rufaa, na mwaka 2021 Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi iliamua kwamba suala la kama poromoko lingeweza kutabirika lisifungwe kabla ya kuchunguzwa zaidi, na kesi ikarudi Graubünden. Sina haja ya kumhukumu mtu hapa, na sheria ina njia yake, lakini uamuzi huo una uzito nje ya chumba cha mahakama, kwa kuwa unazihusu manispaa zote ndogo za milimani ambazo madiwani wake hutia saini karatasi ya kufunga au kutofunga njia.

Katika bonde, kwa muda huo wote, kazi nyingine iliendelea. Michango ilikuja kutoka kila upande wa Uswisi, kupitia mfuko wa mshikamano ambao wasemaji wa Kiitaliano huuita Catena della Solidarietà. Manispaa iliitisha shindano la wahandisi na wasanifu, ikidai kwamba kuta mpya za kinga, madaraja na barabara visiharibu sura ya kijiji chenye mapaa ya mawe na jumba la ukoo wa Salis la karne ya 18. Dai hilo liliwashangaza baadhi ya wageni, ambao waliona kwamba penye hatari urembo ni anasa. Wenyeji hawakuliona hivyo. Kinga itakaa miaka mia, na anayekaa nyuma yake kila siku ana haki ya kusema inaonekanaje. Mradi huo, uliopewa jina Bondo II, uliwekwa mbele ya wapigakura wa bonde, nao wakauidhinisha. Anna Giacometti mwenyewe alichaguliwa mwaka 2019 kuingia Baraza la Taifa, sehemu ya bunge la Uswisi, mjini Bern.

Na kuna kumbukumbu ya zamani zaidi, ambayo watu wa bonde hawaihitaji kufundishwa. Kilomita chache kuteremka, upande wa Italia wa bonde hilihili, palikuwa na mji wa Piuro, uliotajirika kwa hariri na kwa vyungu vya jiwe laini. Mwezi Septemba 1618 mlima ulio juu yake uliporomoka usiku na kuufukia mji pamoja na watu wapatao elfu moja. Lilibaki jumba moja la matajiri wa ukoo wa Vertemate, lililokuwa nje ya mji, na leo wageni hutozwa kiingilio kuliona. Wakati huo hapakuwa na rada, waya, ubao wala manispaa ya kushtakiwa. Pale Bondo mwaka 2017 vyote vilikuwapo, na rada bado imeelekezwa Cengalo, ambao haujamaliza kusogea.